Jembe Lililochelewa Katika Mihadhara ya Saa Saba

Kila Jumatano saa sita na dakika arobaini nilifunga kibanda changu cha kutengeneza redio mjini Kitui, nikaning'iniza kibao cha "Narudi saa nane na nusu", nikatembea hadi chuo kikuu. Ni mwendo wa dakika kumi na nane kwa hatua zangu. Wateja wengi huja wakati huo wa chakula cha mchana, maana ndipo karani na mwalimu hupata nafasi ya kutoka, kwa hiyo kuondoka kwangu lilikuwa kosa la kibiashara na nililijua. Jirani yangu, muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye Kiswahili chake hunifanya nichunge changu, kila akiniona nikisukuma komeo alisema:

"Profesa, kengele imelia?"

"Imelia."

"Haya, nenda. Mteja akija nitamwambia uko darasani na wajukuu zako."

Nina miaka hamsini na moja na sina mjukuu.

Mihadhara hiyo niliijua kwa sababu ya amplifaya. Chuo kiliniita kutengeneza amplifaya ya ukumbi mdogo, kapasita mbili zilikuwa zimevimba, na nilipokuwa nikiijaribu niliona tangazo ukutani: mihadhara ya saa saba kuhusu sanaa za midia, kila Jumatano, wote mnakaribishwa, njoo na chakula chako. Nililisoma neno "wote" mara kadhaa. Shule yangu iliishia kidato cha pili. Mengine niliyapata kwenye vitabu vya mitumba, na kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuandika nilichokiona ndani. Nilipotoka nilimuuliza askari wa getini kama hao wote ni pamoja na mimi. Aliniangalia viatu kwanza.

"Imeandikwa wote, mzee. Andika jina hapa."

Ukumbi ulikuwa na viti sitini na watu kama ishirini na watano, wengi wanafunzi, wakila chapati na ndengu kutoka kwenye vikopo vya plastiki huku mtu akizungumza mbele. Mhadhara wa kwanza ulikuwa na filamu ya ukuta. Ukuta tu, kivuli kikipanda polepole, dakika kumi na moja. Nilitazama saa yangu. Daftari langu nililigawa safu mbili: yaliyosemwa, na nisiyoyaelewa. Safu ya pili ilijaa kwanza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa ukitikisika chini ya kiti hadi msichana aliyekaa mbele yangu akageuka. Nimezoea kujifunza nikiwa na bisibisi mkononi, na kukaa saa nzima mikono mitupu kulinichosha kuliko siku nzima ya kazi. Hata hivyo, Jumatano iliyofuata nilirudi, na nyingine.

Siku ya tatu mada ilikuwa sauti. Mwalimu aliyesimamia mihadhara, mwanamke kijana kuliko mdogo wangu wa mwisho, alitusikilizisha soko fulani kisha akauliza tumesikia nini. Wanafunzi walisema kuku, wachuuzi, mtoto analia. Nikainua mkono.

"Chini yake kuna mlio wa umeme," nikasema. "Hausikiki vizuri lakini upo. Aliyerekodi alikuwa karibu na waya."

Mwalimu alirudisha rekodi nyuma, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Ni kweli. Wewe ni nani?"

"Fundi wa hiyo amplifaya."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Baada ya kipindi alinifuata mlangoni, akaniuliza kama mimi hurekodi pia. Nilisema ndiyo. Unarekodi nini? Nilifikiri kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Kazi," nikamwambia.

Ndivyo ilivyo. Kwa miaka mingi nimerekodi watu wakifanya kazi: kinu cha posho kule Tulia, mnada wa mbuzi Ikutha, mchomeleaji, mwanamke anayepepeta mbaazi. Nina kinasa sauti nilichokifufua mwenyewe, na siku hizi naongeza picha ya simu. Kila rekodi ina namba, mahali, saa, na hali ya upepo. Sikuwa na sababu ya kufanya hivyo zaidi ya kwamba mashine huharibika na watu huacha, na nilitaka kujua zilikuwa zikilia vipi zilipokuwa nzima. Nilimpa mwalimu rekodi thelathini kwenye fleshi.

Jumatano ya nne alinisubiri mlangoni kabla ya kipindi. Alikuwa amechagua moja, ile ya Mukuyuni, upande wa Makueni nilikooa. Ni ya mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hiyo walikuwa wakichimba matuta ya fanya juu kabla ya mvua: unachimba mtaro kukingama na mteremko, na udongo unautupa upande wa juu. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na majembe yanashuka pamoja juu ya neno lile lile.

"Hukuonyesha uso hata mmoja," mwalimu alisema. "Miguu, majembe, udongo unaruka, na ile sauti inayoongoza, lakini mwenyewe hatumuoni. Halafu unakata ghafla, katikati ya ubeti. Hilo linahitaji ujasiri. Umelifikiriaje?"

Ningesema ukweli wakati huo, hadithi hii isingekuwepo. Nilisema, "Asante."

Akanipa Jumatano ya mwisho ya muhula. Dakika ishirini: kuonyesha rekodi, kuzungumza, kujibu maswali. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nilirudi mjini kwa dakika kumi na nne.

Ukweli ni kwamba sauti inayoongoza ni ya mama mkwe wangu. Kwetu Wakamba kuna nthoni, heshima yenye haya kati ya wakwe, na iliyo kali kuliko zote ni ya mwanamume na mama wa mke wake. Vijana siku hizi wanapiga picha na mama mkwe wakiwa wamekumbatiana. Mimi sikulelewa hivyo. Miaka ishirini na sita sijawahi kumpa mkono, sijala naye meza moja, jina lake silitamki, na nikimuona anakuja njiani mimi ndiye nitakayepisha. Kwa hiyo nilipoweka simu kwenye kijiti shambani kwake, niliielekeza chini, na kila alipokaribia niliishusha zaidi. Sikuwa nimefikiria uso wala sanaa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka macho. Na kule kukata ghafla kulikuwa na sababu yake pia, ambayo hata mke wangu sikumwambia.

Sasa nilitakiwa kuicheza sauti hiyo mbele ya ukumbi. Bila ruhusa yake nisingethubutu, na kuiomba mwenyewe nisingeweza. Asipokubali, ningekwenda kwa mwalimu kumwambia ampe mtu mwingine siku ile. Nilijua naitaka sana siku ile, kwa sababu niliona aibu hata kujiuliza naitaka kiasi gani.

Mke wangu alikuwa akichambua maharagwe nilipomwambia.

"Kwa hiyo niombe mimi," alisema.

"Nani mwingine?"

"Si uende wewe? Wewe si ndiye profesa?"

"Mama watoto."

"Naomba nikuulize. Ulimrekodi mamangu, ukampeleka chuo kikuu kwenye fleshi, wakamsikiliza, wakamsifu. Ndiyo sasa unakumbuka kuna nthoni?"

Aliniweka mahali pangu kwa swali moja. Niliishika kalamu bila kuandika chochote. Baadaye alipiga simu, akazungumza kwa muda mrefu mambo ya kuku na kifua cha mdogo wake, kisha hilo langu akalitia mwishoni kama chumvi. Alipokata aliniambia, "Anasema atafikiria."

"Atafikiria mpaka lini?"

"Sikuuliza. Mtu anayefikiria haulizwi saa."

Wiki mbili hizo sikutulia. Nilifungua redio ya mteja mara tatu kwa hitilafu moja, nikachoma njia ya shaba kwenye bodi kwa kuiacha kauya, kile chuma cha moto cha kulehemu, muda mrefu, jambo ambalo mimi huwakanya vijana wanaokuja kwangu kujifunza ufundi siku ya kwanza. Niliandika hotuba ya dakika ishirini nikaisoma kwa saa, ikatoka dakika tisa. Niliandika nyingine, ikawa na maneno ya mwalimu: ujasiri, uamuzi, kutoonekana. Niliifuta. Kila mara simu ya mke wangu ilipolia niliinuka, na kila mara ilikuwa mtu wa kanisani. Hilo nalo lilinitia wasiwasi. Mama mkwe ni mkubwa katika ushirika wa akina mama wa kanisa lao, na nyimbo za mwethya si tenzi. Zina kejeli. Zinamchongea mvivu na aliyechelewa na mwenye mdomo mrefu. Nilijiambia ndiyo sababu ya kimya chake. Jirani yangu wa vitambaa aliniona nikitembea mbele ya kibanda, nikienda na kurudi.

"Profesa, unapima kiwanja?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku anakunja kitenge.

"Sisi tungemtuma mshenga," alisema. "Lakini wewe mshenga wako umeshamuoa."

Jumamosi kabla ya Jumatano ya mwisho, mke wangu alisema anakwenda kwao na kwamba nikitaka twende. Tulivuka mto Athi asubuhi, tukafika Mukuyuni karibu na saa sita. Mvua ilikuwa imenyesha siku chache nyuma na mitaro niliyoiona ikichimbwa ilikuwa na maji yaliyotulia, ya rangi ya chai. Niliketishwa barazani. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyumba nyingine, mlango ukiwa umeelekea upande wangu, si zaidi ya hatua tano. Mke wangu alisimama katikati na kinasa sauti changu mkononi. Alimvalisha mama yake vipokea sauti akabonyeza. Mimi niliangalia viatu vyangu kwa dakika sita na sekunde ishirini, ambao ndio urefu wa rekodi niliyompa mwalimu.

Kisha nikasikia sauti ile, sasa ikizungumza, kwa Kikamba, kwa mke wangu lakini kwa nguvu ya kunifikia.

"Muulize mume wako, ubeti wa mwisho uko wapi?"

Mke wangu alinigeukia. "Anauliza ubeti wa mwisho uko wapi."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie niliukata."

"Anasema aliukata."

"Najua aliukata, masikio ninayo. Muulize kwa nini."

Mke wangu alinikazia macho. Hakujua lolote, na niliona kwamba ameanza kufurahi.

Sababu ni hii. Katika mwethya wao, mtu haruhusiwi kusimama tu. Anayesimama anaimbiwa hadi ashike jembe, awe nani. Na mkwe, ingawa hasemeshwi hovyo, wimbo wa kazi hauchagui. Siku ile nilisimama na kijiti changu karibu saa nzima, hadi sauti inayoongoza ikaingiza ubeti mpya:

Nani huyo kama mlingoti wa simu,
anachimba kwa macho, anachimba kwa macho?

Na wote: Mpeni jembe.

Nilizima simu. Kinasa sauti kilikuwa chini kwenye nyasi, sikukikumbuka, kikaendelea. Nikapewa jembe, nikaingia kwenye mstari. Kwa hiyo ninayo rekodi nzima, na katika dakika nne za mwisho unasikia majembe kumi na tano yakishuka pamoja, na baada yake kidogo, peke yake, moja. Ni langu. Nilipoisikia mara ya kwanza kibandani niliikata papo hapo. Mimi hurekebisha vitu vilivyo nje ya mpigo. Ndiyo kazi yangu.

Niliyasema haya barazani, kwa mke wangu, naye akayarudia neno kwa neno kwa mama yake ambaye alikuwa ameshayasikia. Kule jikoni mama mkwe alicheka. Miaka ishirini na sita sikuwahi kuwa sababu ya kicheko chake, angalau nikiwapo.

"Na kanisa?" nikamwambia mke wangu. "Muulize."

"Anauliza kanisa."

"Shamba la kanisa nalo lina matuta, na matuta tuliyachimba kwa nyimbo hizo hizo. Mwambie nilifikiria wiki mbili kwa sababu niliuliza wenzangu. Sauti si yangu peke yangu, tuko kumi na tano. Wamekubali. Lakini acheze yote. Akikata tena, asicheze kitu."

"Umesikia?" mke wangu akaniuliza.

"Nimesikia."

Jumatano ile nilifika saa sita na nusu. Niliikagua amplifaya, nikakagua waya, nikaikagua amplifaya tena. Mwalimu alinitambulisha, akarudia yale ya uso usioonekana. Niliposimama niliomba kwanza kusahihisha.

"Sikuficha uso kwa sababu ya sanaa," nikasema. "Anayeimba ni mama mkwe wangu. Nilikuwa naona haya."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na safari hii walikuwa wengi, maana Wakamba walikuwa wengi. Kijana mmoja wa nyuma alisema, "Mzee, pole sana." Mwalimu alicheka pia, kisha akafungua daftari lake akafuta kitu. Nilihisi mzigo umeshuka na papo hapo mwingine ukapanda, kwa sababu sasa ilibaki kucheza.

Nilicheza yote. Picha ilipoisha skrini ikawa nyeusi na sauti ikaendelea. Nilitafsiri ubeti kwa wale wasiojua Kikamba. Walipofika "mpeni jembe" baadhi ya wanafunzi waliitikia. Kisha jembe langu likaingia, limechelewa. Pu, na pu ndogo. Nilisimama karibu na spika, mikono nyuma, nikisikiliza upungufu wangu ukitolewa kwa nguvu ya wati mia mbili. Dakika nne ni ndefu. Hakuna aliyekula.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana yule wa nyuma. Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya chuo, alisema.

"Mzee, umenotisi hao wamathe wa majembe walipunguza spidi?"

"Lini?"

"Ukiingia. Mwanzo walikuwa wanaenda mbio. Wewe ukiingia ile sauti ya mbele inaanza kuvuta maneno. Hadi mwisho kidogo uwashike."

Nilisema sijui. Nilisema nitapima. Maswali mengine niliyajibu lakini siwezi kuyakumbuka, na daftari langu la siku hiyo lina ukurasa mmoja mtupu.

Sikufungua kibanda hadi nimepima. Niliketi ndani, mlango umerudishwa, nikahesabu mapigo kwenye kompyuta. Kabla ya jembe langu, kati ya pigo na pigo kulikuwa na sekunde moja na nusu, karibu bila kupungua wala kuzidi. Baada ya dakika moja ya kuwepo kwangu ilikuwa sekunde moja na robo tatu. Mwishoni ilikaribia mbili. Na kila mara ilianza kwa ile sauti, neno likivutwa, kisha majembe yakimfuata. Mwanya kati ya pigo lao na langu ulikuwa ukipungua. Haukuisha, lakini ulipungua. Nilikuwa nimeisikia rekodi ile mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na kitu pekee nilichokuwa nimekisikia ni mimi.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, nikamwonyesha namba. Nikamwomba ampigie mama yake amwambie kwamba nimeona walivyonisubiri, na kwamba nashukuru. Alipiga hapo hapo. Nilisimama dirishani, nikaketi, nikasimama tena. Alisema yote, pamoja na sekunde zake. Alisikiliza. Alisema "ndiyo mama" mara mbili, akaweka simu mezani.

"Amesema nini?"

"Anasema walikuwa wamechoka."

Nilimuuliza kama alisema hivyo kwa kucheka. Mke wangu alifikiri, kwa uaminifu, akasema hakuweza kujua.